Ndugu wa baba mmoja, majina tofauti: je, nimrithishe mtoto wangu jina langu?

Mwalimu wa Bwera

Nawasalimu wanabaraza wote. Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Kasese, Mkonzo kwa baba na kwa mama, na mke wangu ni Mtoro wa Kabarole. Tunatarajia mtoto wetu wa kwanza, na kuna mjadala nyumbani ambao tumeshindwa kuumaliza wenyewe, kwa hiyo nauleta hapa kwa waliotutangulia kwa umri na kwa elimu ya mambo haya.

Kwa wasioifahamu desturi yetu, Wakonzo hatumwiti mtoto kwa jina la baba yake. Mtoto hupewa jina kwa kufuata nafasi yake katika kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ni Baluku au Mumbere, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule, wa tano Thembo, wa sita Mbusa. Wasichana nao wana mfuatano wao: Masika, Biira, Kabugho, Mbambu, Ithungu na Kyakimwa. Wakizaliwa watoto wa jinsia moja kwa mfululizo, kisha akaja wa jinsia nyingine, huyo anaweza kuitwa Muhindo, yaani aliyeleta mabadiliko. Ndugu zetu Wanande walio upande wa pili wa mpaka, nchini Kongo, wana utaratibu huo huo, ila wao husema Kambale, Kasereka, Kakule na Katembo. Mimi ni Masereka, kaka zangu ni Baluku na Bwambale, dada yetu ni Masika, na baba yetu ni Thembo. Mkonzo yeyote akisikia majina hayo hana haja ya kuuliza nani mkubwa na nani mdogo, lakini mgeni akiyasoma kwenye karatasi haamini kwamba tumelelewa nyumba moja.

Dada yetu alipoomba nafasi ya kusoma nje ya nchi, ofisi iliyopokea maombi yake iliikataa barua ya baba ya kumdhamini, kwa maelezo kwamba jina la mdhamini halifanani na la mwombaji. Waliandikiana kwa muda mrefu, na nafasi ile karibu impite. Tangu hapo mke wangu anashikilia kwamba tuanze sisi utaratibu wa jina moja la familia, na watoto wetu wote waitwe Masereka. Namwelewa, lakini nasita, kwa sababu mtoto wetu akiwa msichana atabeba jina linalomtangaza kuwa mwana wa kiume wa tatu, na mdogo wake atabeba lile lile, na wajukuu wetu vivyo hivyo.

Naomba kujua mambo mawili. Je, makabila mengine ya Uganda yalikuwa na jina la kurithi kutoka kwa baba tangu zamani, au hilo lilikuja baadaye? Na aliyekwisha kuliamua jambo hili nyumbani kwake alifuata njia gani?

Jjajja wa Buddu

Mwalimu, hongereni, wewe na mkeo. Nitajibu kwa upande wa Buganda, kwa kuwa huko ndiko nilikokulia, na nitakuomba uvumilivu maana habari yenyewe ni ndefu.

Mganda wa asili hakurithi jina la baba yake hata kidogo. Alirithi ukoo wa baba yake, na ukoo ndio uliokuwa na hazina ya majina. Koo zinazotambuliwa kwa kawaida ni 52, na kila ukoo una mnyama, samaki, mdudu au mmea ambao wenye ukoo huo hawauli wala kuula: kuna ukoo wa Fungo, wa Kakakuona, wa Kamongo, wa Mbega, wa Kima, wa Ndovu, wa Senene, wa Uyoga, na kadhalika. Kila ukoo una mkuu wake, na cheo chake chenyewe ni jina: Walusimbi ni mkuu wa Fungo, Ndugwa wa Kakakuona, Gabunga wa Kamongo, Kasujja wa Mbega, Mugema wa Kima. Mtoto akizaliwa, babu upande wa baba humchagulia jina katika yale yaliyobebwa na wahenga wa ukoo huo. Ndiyo maana baba, mwana na mjukuu waliweza kuwa na majina matatu yasiyofanana, na bado Mganda aliyefundwa akayasikia yote matatu na kujua kwamba ni watu wa mlango mmoja. Ndiyo maana pia kijana na binti waliokutana safarini waliuliza kwanza majina na koo kabla ya jambo lolote lingine, kwa kuwa watu wa ukoo mmoja hawaoani.

Nawaeleza vijana jinsi jina hilo lilivyotolewa, kwa sababu wengi wenu hamkuiona sherehe hiyo. Mama alikuwa amekihifadhi kitovu cha mtoto tangu kilipokauka na kudondoka. Siku ya kuwatambulisha watoto, ukoo ulikusanyika, kikaletwa chombo chenye maji yaliyochanganywa na pombe ya ndizi na maziwa, na kitovu kikatumbukizwa humo mbele ya watu wote. Kikielea, mtoto ni wa ukoo. Kikizama, mama alikuwa na maswali ya kujibu. Baada ya hapo ndipo jina lilipotamkwa. Kwa hiyo jina halikuwa pambo la kuandikia daftarini. Lilikuwa hukumu ya wazee kwamba mtoto huyu ana haki ya kurithi, ya kuzikwa katika ardhi ya ukoo, na ya kusemewa na ukoo wake akipatwa na shauri.

Yapo majina yanayovuka koo, nayo si ishara ya familia moja. Mukasa, Kiwanuka, Musoke na Kibuuka ni majina ya miungu wa kale: Mukasa ni wa ziwa, ambaye hekalu lake kuu lilikuwa kisiwani Bubembe katika Ssese, Kiwanuka ni wa radi, Musoke ni wa upinde wa mvua, na Kibuuka ni wa vita. Ukikutana na Wamukasa kumi jijini Kampala, usidhani kwamba wana babu mmoja. Majina ya pacha ni vivyo hivyo: wavulana ni Wasswa na Kato, wasichana ni Babirye na Nakato, na anayewafuata ni Kizza. Wazazi wenyewe hubadilika majina, baba akawa Ssalongo na mama Nnalongo, na heshima hiyo hubaki nao hadi kufa. Wasoga, majirani zetu, huwaita pacha wa kiume Waiswa na Tenywa, na baba yao humwita Isabirye.

Kuhusu mke kuchukua jina la mume, jambo hilo halikuwapo kabisa. Binti aliyeolewa alibaki katika ukoo wa baba yake na kwa jina lake, na kumwita kwa jina la mume kungekuwa kama kusema kwamba ameolewa na ndugu yake. Desturi hiyo iliingia baada ya wamisionari, Waanglikana mwaka 1877 na Wakatoliki mwaka 1879, walioleta majina ya ubatizo nasi tukayageuza kwa ulimi wetu yakawa Yokana, Erisa, Apolo na Yoweri. Kisha shule na ofisi zao zikataka kila mtu awe na jina la baba nyuma ya jina la ubatizo. Hilo, Mwalimu, ndilo jibu la swali lako la kwanza kwa upande wetu: jina la kurithi lilikuja juzi tu. Nami nasikitika nionapo watoto wa mjini wanaoitwa kwa jina la babu wa baba yao huku hawajui kutaja ukoo wao.

Akello wa Gulu

Shikamoo Jjajja, na salamu kwako Mwalimu. Kwetu Acholi hali haiko mbali na ya Kasese, kwani jina la mtoto hueleza alivyozaliwa. Pacha wa kiume ni Opio na Ocen, wa kike ni Apio na Acen, na anayezaliwa baada yao ni Okello akiwa mvulana au Akello akiwa msichana. Herufi ya mwanzo hukuonyesha jinsia: O kwa wanaume, A kwa wanawake, ingawa si kila jina letu hufuata kanuni hiyo. Aliyezaliwa wakati wa mvua ni Okot au Akot. Aliyezaliwa porini au ugenini ni Otim au Atim. Mtoto mwenye kidole cha sita huitwa Ojok au Ajok, kwa kuwa wazee waliona mkono wa roho katika umbile lake.

Majina mengine yanabeba maumivu ya nyumba. Ocan na Acan yanataja ufukara, na Komakech hupewa mtoto aliyezaliwa wakati bahati imeigeuzia familia mgongo. Majirani zetu Walugbara wa Arua wana majina kama Candia na Candiru yanayotaja taabu, na mengine mengi yenye neno la kifo ndani yake, lakini pia wana Ayikoru, ambalo ni furaha. Wapo wahubiri wanaowashauri vijana waache majina ya huzuni eti yanaleta laana, nami sikubaliani nao hata kidogo. Mama aliyemwita mwanawe Ocan katika mwaka wa njaa alikuwa anaandika historia yake kwa njia pekee aliyokuwa nayo, na mwana huyo akikua akafanikiwa, jina lake ndilo linaloonyesha familia imetoka wapi.

Kuhusu watu kudhaniwa ni ndugu kwa sababu ya jina, mfano mkubwa uko katika historia ya nchi hii. Julai 1985 serikali ya Rais Milton Obote ilipinduliwa na majenerali wawili, Tito Okello Lutwa na Bazilio Olara Okello. Hadi leo wapo wanaowazungumzia kana kwamba walikuwa ndugu wa tumbo moja, na hawakuwa na undugu wowote. Kwetu Okello ni mtoto aliyewafuata pacha, na pacha huzaliwa katika kila kijiji. Mwalimu, ukiwapa watoto wote jina lako, wenye kusoma fomu watafurahi, lakini wewe mwenyewe unajua kwamba wapo Wamasereka wengi Kasese na Bundibugyo ambao hamna uhusiano nao. Jina la pamoja halitathibitisha undugu zaidi ya lilivyofanya hilo la Okello.

Araali

Mwalimu, kwa kuwa mkeo ni wa kwetu, nashangaa kwamba hujaitaja empaako, maana nina hakika anakuita kwa empaako kila siku. Niwaeleze wengine: Watoro, Wanyoro na jamii ndogo zinazopakana nasi tuna majina ya heshima yapatayo kumi na mawili yanayotumiwa na watu wote, kama vile Abwooli, Adyeri, Akiiki, Amooti, Apuuli, Araali, Ateenyi, Atwooki na Abbooki. Kila mtu hupewa moja juu ya jina lake jingine. Okaali ni la Omukama, yaani mfalme, peke yake. Empaako haikuambii ukoo wa mtu wala baba yake, na wala haibagui mwanamume na mwanamke. Kazi yake ni salamu, upendo na kutuliza hasira, na kumsalimu mtu mzima bila kutaja empaako yake ni kumvunjia heshima.

Namna inavyotolewa ndiyo inayonigusa zaidi. Shangazi, yaani dada za baba, humpokea mtoto mikononi na kumkagua: paji la uso, pua, masikio, vidole. Hubishana amefanana na nani katika jamaa, na huyo waliyeafikiana juu yake ndiye anayeelekeza empaako ya mtoto. Mkuu wa ukoo huitamka, watu wakala ugali wa ulezi na nyama ya ng'ombe iliyokaushwa kwa moshi, mtoto akapewa zawadi, na mti ukapandwa kwa heshima yake. Mwaka 2013 UNESCO iliiingiza desturi hii katika orodha ya turathi zinazohitaji kuhifadhiwa kwa dharura, kwa sababu sherehe zenyewe zimepungua sana na lugha inatumika kidogo kuliko zamani.

Hilo jina jingine, hata hivyo, huwa ni la tukio au sala. Pacha wetu wa kiume ni Isingoma na Kato, wa kike ni Nyangoma na Nyakato, na wanaofuata ni Kiiza kisha Kaahwa. Katika mapokeo yetu, mfalme wa kwanza wa Wabiito, ukoo wetu wa kifalme, ni Isingoma Mpuga Rukidi, na pacha wake ni Kato Kimera aliyekwenda Buganda, kwa hiyo hata wafalme waliitwa kwa namna ya kuzaliwa kwao. Byaruhanga ni mambo ya Mungu. Ushauri wangu ni mfupi: mtoto wenu apewe jina la Kikonzo la nafasi yake, na shangazi wa Kikonzo waalikwe wamkague na kumpa empaako. Desturi mbili hizi hazigombani, maana kila moja inajibu swali lake.

Mwalimu wa Bwera

Nawashukuru sana, Jjajja, dada Akello na Ndugu Araali. Mke wangu amesoma yote, na suala la shangazi amelikubali papo hapo. Lakini ameniomba niwaulize jambo ambalo bado hamjalijibu: mtoto akifika mbele ya ofisi isiyojua lolote kuhusu Wakonzo, atathibitishaje kwamba mimi ni baba yake? Yeye haipingi desturi. Anataka mtoto asije akasumbuliwa kama shangazi yake alivyosumbuliwa.

Wakili wa Mbarara

Mwalimu, swali la mkeo ndilo swali la kisheria, na nafurahi kwamba ameliuliza kabla mtoto hajazaliwa. Nimewasaidia watu wengi wenye tatizo hili, na karibu wote lilitokana na majina kuandikwa kwa namna mbili katika hati mbili. Kutofautiana na baba kulikuwa chanzo kwa wachache mno.

Kinachothibitisha uzazi ni cheti cha kuzaliwa, ambacho kina jina la mtoto, jina la mama na jina la baba, kila moja mahali pake. Chini ya Sheria ya Usajili wa Watu ya mwaka 2015, usajili wa vizazi na wa raia umewekwa mikononi mwa mamlaka moja, NIRA, na mtoto aliyesajiliwa hupata namba yake ya utambulisho ya kitaifa. Namba hiyo haibadiliki hata jina likibadilika. Kwa hiyo mtoto akizaliwa, msajilini mapema, na mhakikishe kwamba jina lako na la mkeo yanaandikwa katika cheti hicho herufi kwa herufi kama yalivyo katika vitambulisho vyenu. Thembo ikiandikwa Tembo mahali pamoja, ndipo usumbufu wa kweli unapoanza. Ofisi ya nje ikiuliza, muwapelekee cheti pamoja na hati ya kiapo iliyothibitishwa na kamishna wa viapo, inayoeleza kwa sentensi chache kwamba kwa desturi ya Wakonzo watoto huitwa kwa nafasi ya kuzaliwa. Baba yenu angeweza kufanya hivyo kwa ajili ya dada yenu, na ofisi ile ingekosa hoja.

Mkeo akitaka kuona kwamba majina tofauti hayamzuii mtu, amtazame Rais. Baba yake aliitwa Amos Kaguta, yeye ni Yoweri Kaguta Museveni, ndugu yake anajulikana kama Salim Saleh lakini alizaliwa akiitwa Caleb Akandwanaho, na mwanawe ni Muhoozi Kainerugaba. Jina Museveni lenyewe ni la tukio: alizaliwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, wakati askari kutoka Uganda waliokuwa katika Kikosi cha Saba cha jeshi la King's African Rifles wakiitwa Abaseveni. Sisi Wanyankole huwaita watoto kwa sala na shukrani pia, kama Tumusiime, Natukunda na Mugisha, na katika nyumba moja unaweza kuyakuta yote matatu.

Niongeze jambo moja kuhusu hao wanaotutaka tuwe na jina la familia. Majina ya Ulaya yalianza kama yetu. Smith alikuwa mhunzi, Johnson alikuwa kweli mwana wa John, kisha maandishi ya kodi na ya ardhi yakayagandisha, na leo Johnson anaweza kuwa binti wa Peter. Uturuki iliwalazimisha raia wake wote kuchukua majina ya familia kwa sheria ya mwaka 1934. Iceland, kwa upande wake, imeendelea hadi leo kumwita mtoto kwa jina la baba au la mama, kwa hiyo kaka na dada hawaishii kwa neno moja, na raia wake wanasafiri dunia nzima kwa pasi zao bila kuambiwa wabadili desturi. Waethiopia nao jina la pili la mtoto ni jina la kwanza la baba yake, na linabadilika kila kizazi.

Kama bado mnataka kitu cha kumfunga mtoto kwako katika karatasi, ipo njia ya katikati ambayo familia kadhaa nilizozihudumia zimeichagua. Mtoto wenu akiwa msichana, asajiliwe kwa jina lake la ubatizo, kisha Masika, kisha Masereka, huku Masika likibaki jina analoitwa nyumbani na shuleni. Lakini liamueni sasa. Kubadilisha jina baadaye kunawezekana, ila kuna maombi ya kujaza, tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali, na kila cheti cha shule kilichotangulia kitahitaji maelezo. Na mkiichagua njia hiyo kwa mtoto wa kwanza, ifuateni kwa wote, maana ofisi husumbuka zaidi na ndugu watatu walioandikwa kwa taratibu tatu kuliko na ndugu watatu wenye majina matatu.